Ua la tope la chumvi halihitaji chumvi

Wengi huamini kwamba mmea unaomea kwenye tope la chumvi lazima upate maji ya bahari, ukiyakosa unakufa. Sivyo. Chukua Tripolium pannonicum, ndugu wa alizeti, mwenye maua ya zambarau na kitovu cha manjano, anayetanda kwenye milango ya mito ya Uingereza na Uholanzi. Mbegu zake huota vizuri zaidi kwenye maji yasiyo na chumvi, na ukiupanda bustanini ukaumwagilia maji ya bomba, unakua.

Basi mbona umeng'ang'ania topeni? Ni majirani. Kwenye udongo wa kawaida, nyasi ndefu huuzidi na kuunyima mwanga. Kwenye chumvi nyasi hizo hazistahimili, ila wenyewe unastahimili. Vunja jani lake uone: nene, limejaa maji, na maji hayo ndiyo yanayozimua chumvi inayopanda kutoka mizizini.

Anayelihitaji kweli tope hilo ni nyuki mmoja, Colletes halophilus. Huchimba kiota mchangani na kulisha watoto wake hasa chavua ya ua hili, mwishoni mwa kiangazi cha huko. Tope likifukiwa, nyuki huyo anakosa chakula.