Shahidi wa ioni 14

Mwaka 2005, huko Innsbruck, Austria, wanafizikia waliziingiza ioni 8 za kalsiamu (atomi zenye chaji ya umeme) katika mfungamano wa kwantamu, yaani hali moja ya pamoja isiyoweza kuelezwa ioni moja moja, kisha wakataka kuijua hali yake yote. Iliwabidi wapime kwa namna 6,561, kila namna mara 100. Hivyo ni vipimo 656,100, kazi ya saa 10. Na kila ioni inayoongezwa inazidisha namna hizo mara 3: kwa ioni 14 zinapita milioni 4.7.

Mimi nafanya kazi ya kutambua mifungamano hii, na kinachonivutia zaidi ni kwamba hatulazimiki kujua yote. Tunatafuta shahidi: kipimo kimoja kinachotosha kuthibitisha kwamba ioni zote zimefungamana.

Chukua hali ya GHZ, inayoitwa kwa majina ya Greenberger, Horne na Zeilinger: ioni zote kuwaka na zote kuzimika, hali mbili zilizopandana. Sasa tuseme aliyeiandaa amefunga saba huku na saba kule, na kati ya makundi hayo hamna kitu. Hesabu inaonyesha kwamba hali iliyogawanyika, hata igawanywe vipi, haifanani na GHZ kwa zaidi ya asilimia 50. Ukivuka nusu, zote 14 zimo. Usipovuka, shahidi hajakanusha, amenyamaza tu.

Ufanano huo unapimwaje? Kwanza unamulika kwa leza ya buluu, na kamera inaonyesha ni mara ngapi zote zimewaka au zote zimezimika. Hilo halitoshi, maana hata taa 14 za swichi moja zingefanya hivyo. Kwa hiyo unarudia, safari hii ukizigeuza ioni zote kwa mpigo wa leza kabla ya kumulika, na unahesabu zinazowaka: ni shufwa au witiri? Badilisha awamu ya mpigo, yaani mahali ulipo katika mzunguko wa wimbi lake, kidogo kidogo, na jibu linapanda na kushuka, mawimbi 14 katika mzunguko mmoja. Taa za swichi hazitoi wimbi hilo kamwe. Wastani wa vipimo hivyo viwili, kiasi cha kwanza na kimo cha wimbi, ndio ufanano.

Mwaka 2011 maabara hiyohiyo ilipata asilimia 62.6 kwa ioni 10. Hapo sina shaka. Kwa ioni 14 ilipata 50.8, na kosa la kipimo ni 0.9. Ziada imemezwa na kosa, kwa hiyo kwa 14 namtaka shahidi wa pili.