Je, wajua? Mkono unapofuata kikombe, seli za kuzuia hazilali

Kikombe cha chai kiko mezani. Unanyoosha mkono, unakishika, unakileta mdomoni bila kumwaga tone. Je, seli za ubongo ambazo kazi yake ni kuzuia zinafanya nini muda huo?

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja: seli hizo ni breki. Mkono ukitulia, breki imekanyagwa. Ukitaka kuunyoosha, inaachiwa. Jibu hili linaingia akilini upesi, na hata watafiti walilipa uzito. Lakini halikustahimili vipimo.

Tangu 1870, watafiti Fritsch na Hitzig walipogusa ubongo wa mbwa kwa umeme hafifu huko Berlin na kuona misuli ikishtuka, tunajua kuna sehemu ya gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, inayoendesha viungo. Takriban seli moja kati ya tano za gamba hilo ni ya kuzuia: humwaga kemikali iitwayo GABA, na seli jirani zinapungua makali.

Sasa kipimo chenyewe. Tumbili anaonyeshwa mahali pa kugusa, lakini anafundishwa kusubiri ishara. Anaposubiri, seli za maandalizi tayari zinachangamka huku misuli imetulia. Kama breki ndiyo inayomshika, seli za kuzuia zingepaswa kufanya kazi zaidi wakati huo, kisha zinyamaze mkono ukiondoka. Mwaka 2010 kundi la Krishna Shenoy wa Chuo Kikuu cha Stanford lilichapisha matokeo kinyume chake: zilichangamka zaidi mkono ukiwa safarini. Mwaka mmoja kabla, Yoshikazu Isomura na wenzake nchini Japani walikuwa wameona jambo linalofanana kwa panya wanaovuta wenzo.

Badala ya breki, fikiria demani, kamba inayozuia tanga la jahazi. Nguvu ni ya upepo, lakini upepo peke yake haukufikishi Pemba. Ukiiachia demani kabisa, tanga linapigapiga hewani na chombo kinapoteza mwendo. Ukiikaza kupita kiasi, chombo kinalala upande. Baharia haishiki bandarini tu na kuifungua safari ikianza. Anaishika njia nzima, akilegeza na kukaza kidogo kidogo. Kuzuia kwake ndiko kunakoufanya upepo uwe mwendo.

Ndani ya ubongo, upepo ni seli za kusisimua, zile zinazochochea jirani zao. Mwaka 1982 Apostolos Georgopoulos na wenzake walionyesha kwamba nyingi kati yake huchangamka zaidi mkono ukielekea upande fulani. Zikipiga kelele zote pamoja, mkono haujui pa kwenda. Wazo lenye nguvu leo ni kwamba seli za kuzuia hupunguza sauti za pande zisizotakiwa, na kupanga nani aseme lini na kwa muda gani.

Jaribio la Jacobs na Donoghue la 1991 linanivutia kuliko yote. Walizima kazi ya GABA kwa dawa katika eneo la mguu wa mbele wa panya. Kisha wakasisimua eneo la ndevu zake, na mguu ukasogea! Njia kati ya maeneo hayo ilikuwapo siku zote, imeshikwa tu.

Mtu anaweza kupinga: mwaka 2015, Adam Hantman na wenzake waliziamsha seli za kuzuia za panya kwa mwanga, na mkono ukaganda katikati ya safari. Si breki hiyo? Kuziamsha zote kwa mpigo ni kukaza kamba zote mara moja. Kunaonyesha nguvu zake, si kazi yake ya kila siku.

Tahadhari moja ni ya lazima. Kwa tumbili, seli za kuzuia hutambuliwa mara nyingi kwa ufupi wa mshtuko wao wa umeme, na mwaka 2011 maabara ya Roger Lemon mjini London ilionyesha kwamba baadhi ya seli zinazotuma amri hadi uti wa mgongo nazo zina mshtuko mfupi. Huenda baadhi ya seli zilihesabiwa kundi lisilo lao.

Kwa binadamu, dalili za uzuiaji uliolegea huonekana kwa watu ambao vidole vyao hukakamaa kila wakishika kalamu: misuli isiyohitajika nayo inajikaza. Vipimo vya sumaku juu ya fuvu vimekuta uzuiaji umepungua katika gamba lao la mwendo, na si upande unaoendesha mkono mgonjwa tu, bali hata ule wa mkono mzima.