Chuo cha uhakika ni kipi hasa?

Anayeomba kusoma shahada ya kwanza Marekani ataambiwa mapema atengeneze "orodha ya vyuo". Maana yake ni vyuo atakavyovipelekea maombi, vikiwa vimegawanywa kwa uwezekano wa kukubaliwa. Mazoea ni mafungu matatu. Vyuo vya ndoto ni vile ambavyo hata mwenye alama za juu kabisa hukataliwa. Harvard, kwa miaka ya karibuni, imekuwa ikichukua chini ya watu 5 katika kila waombaji 100. Vyuo vya saizi yako ni vile ambavyo alama zako zinafanana na za waliokubaliwa. Vyuo vya uhakika ni vile ambavyo alama zako zinawapita wengi wao.

Mgawanyo huo hauna ubaya, ila haugusi pesa hata kidogo. Chuo kikikukubali halafu kikadai dola 40,000 kwa mwaka ambazo kwenu hazipo, hicho cha uhakika kwa nani? Kwangu mimi, chuo kinastahili jina hilo kikitimiza mambo mawili kwa pamoja: kuingia utaingia, na kulipa mtalipa. Ndiyo maana orodha nzuri huanzia kwenye kikao cha nyumbani, kabla hata ya kufungua tovuti ya chuo chochote. Mzazi au mlezi ataje kiasi anachoweza kutoa kila mwaka kwa miaka minne bila kuuza kiwanja. Ni kikao kigumu, najua, na wengi hukikwepa mpaka barua za majibu zinapofika.

Mkishakuwa na kiasi hicho, mtakilinganisha na nini? Si na ada peke yake. Kila chuo hutangaza gharama nzima ya mwaka: ada, malazi, chakula, vitabu, bima ya afya na matumizi madogomadogo. Toa hapo msaada usiorudishwa, yaani ufadhili na skolashipu. Kinachobaki ndiyo bei halisi. Mkopo haupunguzi bei, unaiahirisha tu. Kazi ya chuoni nayo si punguzo, ni jasho lako mwenyewe, na mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kuzidisha saa 20 kwa wiki wakati wa masomo.

Tuseme chuo cha kwanza kimetangaza dola 85,000 na kikakupa ufadhili wa 79,000. Cha pili kimetangaza 45,000 na kikakupa skolashipu ya 20,000, na barua yake imejaa hongera. Cha kwanza mtalipa 6,000, cha pili 25,000. Chuo kilichoonekana cha matajiri ndicho nafuu. Kwa hiyo usifute jina kwa kuogopa bei ya kwenye tovuti, wala usiliongeze kwa sababu tu ada yake ni ndogo. Vyuo vikuu vya majimbo, kwa mfano, hutoza wenyeji wa jimbo ada ndogo kwa sababu kodi zao huvichangia. Anayetoka nje ya jimbo hutozwa zaidi sana.

Utajuaje bei halisi kabla ya kuomba? Mmarekani anayo njia fupi: kila chuo kinachopokea fedha za wanafunzi kutoka serikali kuu kinatakiwa kuweka kikokotoo cha bei halisi kwenye tovuti yake. Lakini vikokotoo vingi vimetengenezwa kwa familia za Marekani, na msaada wa serikali unaoombwa kwa fomu ya FAFSA haumhusu mwanafunzi wa kigeni. Usijidanganye kwa namba zake. Tafuta badala yake hati iitwayo Common Data Set ya chuo husika, uende sehemu ya H6. Hapo huandikwa chuo kimewasaidia wanafunzi wangapi wa kigeni na kila mmoja alipata wastani wa dola ngapi. Ukikuta ni wanafunzi 12, wastani 30,000, na gharama nzima ni 70,000, basi hata hao wachache wenye bahati wamebakiwa na pengo la 40,000 hivi. Dakika tano za kusoma jedwali zinakuokolea wiki nzima ya kuandika insha.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Vyuo vichache sana, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, haviangalii mfuko wa mgeni vinapoamua kumchukua au kumwacha. Vilivyo vingi huangalia. Huko, ombi kubwa la msaada hukupunguzia nafasi. Wapo wanaofikiri dawa ni kusema "sihitaji msaada", wakishaingia waombe. Vyuo vingi havimpi msaada baadaye mgeni ambaye hakuuomba tangu mwanzo. Sema kweli, kisha hesabu kila chuo cha aina hiyo kuwa kigumu kuliko alama zako zinavyoonyesha.

Idadi? Common App, mfumo wa mtandaoni wa kutuma maombi kwa vyuo vingi kwa pamoja, unaruhusu vyuo 20, lakini huo ni ukomo tu. Kila ombi lina insha zake, na mara nyingi lina ada, ingawa unaweza kuomba usamehewe. Maombi manane hadi kumi na mawili yawatosha wengi. Mimi huwaambia wadogo zangu waanze kutafuta viwili vya uhakika, vile visivyo na sifa mtaani, ndipo waende kwenye ndoto. Wakianza na ndoto, vya uhakika hujazwa usiku wa mwisho kwa kubahatisha.

Na skolashipu yoyote inayoziba pengo lenu, isome hadi mstari wa chini: ni ya mwaka mmoja au minne, na alama zikishuka inabaki? Kabla ya kukupa fomu ya I-20 ya kuombea viza, chuo kitataka ushahidi wa fedha za mwaka wa kwanza tu. Mitatu iliyobaki hesabuni wenyewe.