Hansard si kila kilichosemwa mbele ya wabunge

Hansard ni taarifa rasmi ya majadiliano ya ukumbi wa Bunge, kikao kwa kikao. Jina ni la Thomas Curson Hansard, mchapaji wa London aliyeichukua kazi hiyo kwa William Cobbett mwaka 1812, enzi ambazo mijadala ilikusanywa zaidi kutoka magazetini.

Kinachochosha ni kusikia "ushahidi wake upo kwenye Hansard" kuhusu mtu aliyehojiwa na Kamati ya Bunge. Shahidi wa Kamati hasimami ukumbini. Maneno yake hubaki katika kumbukumbu za Kamati, na kwa kawaida sisi wengine huyapata pale tu yanaponukuliwa au kuambatanishwa kwenye taarifa ya Kamati.

Chukua Richmond, kashfa ya mkataba wa umeme wa dharura. Tarehe 6 Februari 2008 Dk. Harrison Mwakyembe, mwenyekiti wa Kamati Teule ya Bunge iliyoichunguza, aliwasilisha bungeni taarifa yake. Kesho yake Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa wakati huo, alisimama, akalalamika kwamba Kamati haikumhoji, akatangaza kujiuzulu. Hansard ya siku hizo mbili inakupa taarifa ilivyosomwa pamoja na malalamiko ya Lowassa. Majibu ya waliohojiwa yafuate kwenye taarifa yenyewe na viambatisho vyake.

Kuitafuta Hansard ya Tanzania, anza na tarehe, kisha ujue ni Bunge la ngapi, Mkutano wa ngapi na Kikao cha ngapi. Hapa wengi hupotea: Mkutano huchukua wiki kadhaa, Kikao ni siku moja. Anayetafuta "Kikao cha bajeti" ataambulia faili moja kati ya makumi. Ukishaifungua, ruka dua, nenda "Hati Zilizowasilishwa Mezani". Pale ndipo lilipo jina kamili la taarifa ya Kamati, na ndilo la kuombea nakala Maktaba ya Bunge, Dodoma.

Halafu kuna mtego ambao hata waandishi wazoefu huwanasa. Waziri husoma muhtasari, akaomba hotuba yote iingie kwenye Hansard. Ukiona "kama ilivyowasilishwa mezani", maneno yanayofuata huenda hakuna aliyeyasikia ukumbini. Andika "hotuba inaeleza", usiandike "alisema".

Na aliyehojiwa na PAC, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, aandikwe "aliiambia Kamati", rejea ikiwa ukurasa wa taarifa ya Kamati. "Alisema bungeni" tumwachie aliyepewa nafasi na Spika.