Kabla ya kuchagua programu ya kazi, shika simu ya fundi

Watu wanaotafuta programu ya kupanga kazi za timu huniuliza, "Tuchukue Trello au Asana?" Nami huomba kwanza kuona simu ya yule aliye mbali na ofisi.

Juzi nilikaa na timu ya watu saba hapa Kisumu, wanaofunga pampu za maji za sola kuanzia Ahero hadi Bondo. Meneja alikuwa ameshachagua programu yenye chati na ripoti za kila aina, na kwenye laptopu yake ilipendeza kweli. Nikaazima simu ya fundi mmoja: Android ya zamani, nafasi imejaa picha, bando la siku. Programu ikazunguka, ikazunguka, mpaka mwenyewe akacheka. "Mkubwa, ikifunguka hiyo nitakuwa nimeshafunga pampu."

Mpaka hapo kazi zao zote zilikuwa kwenye kundi la WhatsApp. Mimi sina ugomvi na WhatsApp. Kila mtu anaijua, na hata mtandao ukiwa wa kusuasua ujumbe utafika. Shida ni kwamba ujumbe wa kundi hauna mwenyewe. Mtu anauliza nani atapeleka mabomba Bondo, watano wanaweka dole gumba, picha za harusi zinafuata, na Jumatatu fundi yuko shambani mikono mitupu. Kwa hiyo programu lazima ioneshe papo hapo kazi ni ya nani, inaisha lini na imefika wapi. Kwa watu saba, mengine ni mapambo.

Niliwaanzishia ubao wa Trello wenye safu tatu: inasubiri, inafanywa, imekwisha. Kila kazi ni kadi, nayo husogezwa kutoka safu moja hadi nyingine. Wazo la kadi lilitoka viwanda vya Toyota, Japani, ambako kadi iliyoitwa kanban ilisema ni kipuri gani kinahitajika. Fundi haoni ugeni wowote hapo. Jira, programu nyingine ya aina hii iliyotoka mwaka 2002, ilitengenezewa waandishi wa programu wanaofuatilia hitilafu, na wao iwafae.

Bei isomeni polepole. Programu nyingi hutoza kwa kichwa, kwa dola, na ile bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ya anayelipia mwaka mzima. Tuseme ni dola 10 kwa mwezi: watu saba ni dola 840 kwa mwaka, na shilingi ikiteleza mnaongeza. Vibarua wa msimu nao, mkiwaingiza, ni vichwa. Trello ya bure ina kikomo cha watu 10, kwa hiyo hawa walitosha.

Tukaijaribu wiki mbili kwa kazi moja tu, pampu ya Bondo, na sheria moja: kazi isiyo na kadi haipo. Wa kwanza kuivunja alikuwa meneja, saa tatu usiku, kwenye WhatsApp kama kawaida yake. Yule fundi wa simu ya zamani akamjibu: "Weka kadi, bosi."