Je, wajua kwa nini stesheni kongwe za reli ni ndefu na nyembamba?

Fuata reli ya zamani kutoka Kisumu kwenda Nakuru: Kibos, Miwani, Chemelil, Muhoroni, Koru, Fort Ternan, hadi upande Londiani na Molo kwenye baridi. Stesheni kongwe za njia hii zinafanana kama ndugu: vyumba vimejipanga mstari mmoja, baraza mbele, na paa la mabati linaning'inia kuelekea reli.

Aliyeamua umbo hilo ni treni. Haiingii uani; inasimama ubavuni mwa jengo kwa dakika chache, na kila mwenye kazi nayo anataka mlango wake. Stesheni masta atoke na bendera, karani wa mizigo asukume mkokoteni, abiria akimbie na mtoto mgongoni. Weka ofisi nyuma ya ofisi, wa nyuma ataona moshi tu.

Ukumbi mkubwa haukuhitajika. Reli ilipofika Kisumu mnamo Desemba 1901, wakati huo ikiitwa Port Florence, msafiri wa Uganda alishuka behewani akapanda meli. Ndiyo maana stesheni ikawa jirani na gati.

Sasa tuje kwenye kuzigeuza stesheni hizi kongwe zipate kazi mpya. Paris wana stesheni ya Orsay, iliyofunguliwa 1900. Treni zikarefuka, majukwaa yakawa mafupi, na mwaka 1986 ukumbi wake mpana wa chuma na vioo ukawa makumbusho. Anayeota hivyo kwa stesheni ya Muhoroni atavunja kuta bure. Zetu zinafaa vitu vidogo vidogo: kinyozi chumba hiki, fundi cherehani kile, maktaba pale abiria walipongojea. Dirisha la tiketi, na kile kitundu chake cha kupitishia pesa, tayari ni kibanda cha mwuza chai.

Kosa ninaloliogopa ni kuziba baraza kwa vioo ili kupata nafasi. Hewa hupita kati ya mlango wa jukwaani na dirisha la nyuma. Ukiikatiza, joto la Kisumu litakufukuza kabla ya saa sita. Halafu treni nazo hurudi. Ya abiria ilirejea Kisumu Desemba 2021 baada ya kimya cha miaka, na mvua ya alasiri ikishuka, watu hukimbilia chini ya paa lile lile.