Karudishwa nyumbani, ndiyo kazi inaendelea

"Kwa hiyo madaktari wameshindwa, sista?" Juzi tena, Makorora hapa Tanga, kijana kaniuliza hivyo mbele ya mama yake aliyetoka Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Nimelichoka swali hili.

Mgonjwa wa saratani huruhusiwa kwa sababu nyingi: kamaliza mionzi, anasubiri kemo (dawa za kuua saratani) ijayo, au sasa yuko kwenye tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia maumivu na mateso. Kazi inahamia kwa nesi wa kliniki, mhudumu wa afya wa mtaa na ndugu anayemwogesha. Ndiyo maana nikifika nyumbani naomba barua ya kuruhusiwa kwanza. Na aliyepata kemo joto likifika nyuzi 38, hospitali usiku huohuo. Kinga yake imeshuka. Msimpe panadol mkangoja kukuche.

Sasa mofini, dawa ya maumivu makali. Ninaikuta chupa juu ya kabati, imejaa. "Tumeiweka akiba, akizidiwa ndiyo tumpe." Jamani! Mofini ya maji hufanya kazi kwa muda wa kama masaa manne tu, kwa hiyo hutolewa kwa saa: kumi na mbili asubuhi, nne, nane, kumi na mbili jioni, na ya saa nne usiku mara nyingi huandikwa maradufu ili alale. Ukingoja alie, umechelewa. Atakuwa teja? Hapana. Mwili unaweza kuizoea, kwa hiyo haikatwi ghafla, lakini kuzoea siyo uteja. Kusinzia siku za mwanzo hupungua. Choo kigumu hakipungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo.

Kusinzia kunakonitia hofu ni kule kunakokuja baadaye. Mama ana saratani ya mlango wa kizazi, dozi ya mofini ni ileile, alikuwa ametulia. Ghafla anasinzia kutwa, mikono inashtukashtuka, mkojo umepungua. Huenda uvimbe umebana mirija ya mkojo, figo hazitoi tena mabaki ya mofini. Familia hulaumu dawa na kuikata yote, maumivu yanarudi kwa kishindo. Tupigieni simu siku hiyohiyo: dozi itapunguzwa au saa zitaachanishwa, na figo zitapimwa.

Lisilo na jibu kwangu ni lile la "usimwambie ana saratani." Vitabu vinasema mgonjwa ana haki ya kujua, nami naamini hivyo. Lakini bibi mmoja wa Pangani, nikimfunga kidonda, alinishika mkono: "Mwanangu, najua. Wanangu usiwaambie kwamba najua." Nikanyamaza pande zote mbili. Kama nilimsaidia au niliwanyima nafasi ya kuagana, mpaka leo sijui.

Kidonda kikinuka, msimtenge chumba cha uani. Tuambieni, vidonge vya metronidazo (dawa ya kuua bakteria) vikisagwa na kunyunyiziwa juu yake hupunguza harufu sana. Na mofini ikibaki ya siku chache, njooni na chupa na kadi kabla haijaisha, hasa ikikaribia Ijumaa.